Mjukuu wa Mtu wa Ng'ambo

Ofisi ya vitambulisho, Ilemela, dirisha la pili.
Karani anagonga jina langu kwa kalamu
kama anayepima papai limeiva au bado.
"Leokadia Halorani. Halorani ndiyo nini?
Msukuma gani huyu?"
Nyuma yangu foleni inanyamaza ili isikie.

Nimezoea.
Shule ya msingi, Kitangiri, mwalimu wa sayansi
alidhani ni dawa ya malaria.
Na shangazi Pudensiana, kangara ikishamkolea,
hunong'ona hadi jirani asikie:
mama yake babu alifua mashuka ya mzungu wa meli,
sasa mnashangaa nini Bertila kutoka mweupe?
Basi jina tukaishi nalo
kama sufuria ya kuazima iliyotoboka:
hairudishwi, na wageni hawaonyeshwi.

Baba alipofariki, kaka zangu walichukua kiwanja na ng'ombe.
Mimi nikaangukiwa na sanduku la bati.
Ndani, chini ya shuka la mgolole na risiti za pamba,
kitabu cha kazi cha babu, kimeliwa na mende pembeni.
Bandari ya Mwanza, 1936. Kazi: mtia kuni tanurini.
Jina: Mageni.
Limekatwa mstari mmoja, mnyoofu,
na juu yake, kwa wino uleule, Halloran.

Niliutazama mstari ule wiki nzima.
Nilimchukia aliyeushika ule wino.

Halafu akaja Bugando daktari mgeni, mwanamke wa Ayalandi,
Kiswahili chake cha miezi mitatu, kinachechemea lakini kinafika.
Aliisoma beji yangu pale maabara, akaweka chini sampuli.
"Hili la mama yangu. Umelipata wapi?"
Nikamwambia: melini.

Akageuza fomu ya majibu ya damu, akaandika nyuma yake.
Zamani, kwao, jina lilianza na O,
na O ni mjukuu wa.
Kilichofuata ni neno la wavuvi wa pwani yao
kwa mtu aliyetoka ng'ambo ya maji,
asiyejulikana alikotoka, akapewa pa kulala.
Mjukuu wa mgeni.
Kisha wakatawaliwa, na O ikakatwa,
mgeni akaandikwa daftarini peke yake,
mjukuu akaachwa nje.
Kumbe na wao walikuwa na dirisha.
Kumbe na wao walikuwa na karani.

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.
Babu alizaliwa siku uani kumejaa watu wa mbali,
ugali haujatosha, mama yake ana uchungu.
Wakamwita Mageni.

Sasa nawaona wawili chini kwenye mitambo,
masizi hadi kwenye kope,
ziwa linagonga bati nje ya masikio yao.
Fundi anauliza, maana yake nini, jina lako?
Babu anamweleza.
Fundi anacheka, anashika kalamu,
anamwandika babu kwa jina la babu
katika lugha ya kwao fundi.

Au hakuuliza.
Au alichoka tu, jua la saa nane, orodha ndefu.
Au shangazi anasema kweli, maana Bertila ni mweupe bado,
na mstari ni mstari, hausemi ulichorwa kwa nini.

"Dada, nakusubiri," anasema karani.
"Ni la Kisukuma," nasema.
"Maana yake?"
"Wageni wamefika."
Anacheka, anaandika.

Kadi imetoka leo, miezi saba baadaye.
Picha si yangu sana. Tarehe ni sahihi.
Jina: Leokadia Alorani.
Nimesimama kivulini mwa jiwe, ng'ambo ya barabara,
nikalitamka hivyo mara mbili.
H imebaki kule kwenye foleni,
na mimi sirudi kuifuata.